Nilimsainia Shefu Aliyekimbia Vita, Leo Ananinyima Cheo

Admin, nifichie jina, na la ofisi pia usiliweke, maana Kindu hii ukitaja ofisi watu watajua mpaka rangi ya mlango wangu. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na tisa, nina mke na watoto wakubwa, naishi Alunguli na kila asubuhi navuka mto kwenda kazini. Nimetumikia shirika moja la kimataifa tangu nikiwa kijana. Nimebakiza miaka miwili nistaafu.

Miaka ya vita, mji ulipozingirwa, wageni wa ofisi yetu waliondolewa kwa ndege. Shefu, yaani mkuu wetu wa ofisi, mgeni pia, ndiye peke yake aliyeamriwa abaki na sisi wenyeji, asimamie stoo ya dawa. Alibaki siku mbili. Ya tatu akajipenyeza kwenye ndege ya wachuuzi wa madini ya kasiterite, akakaa kati ya magunia, akaenda kujificha kwa rafiki yake Bukavu. Hata kofia aliisahau mezani.

Nikabaki na redio ya mawasiliano, ufunguo wa stoo, na njaa. Miezi saba tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi wala mawese. Dawa zilikuwepo, ila kanuni ilitaka kila karatasi ya kutoa dawa isainiwe na shefu. Hospitali inalia kila siku. Nikamtafuta redioni kwa yule rafiki yake, akanijibu kwa kile Kiswahili chake cha kuokoteza: "Weka jina yangu, weka sinyature yangu. Lakini usiambie muntu niko huku. Nitakuangalia." Risasi zikalia nje, akanisihi nifunge dirisha, eti zinamsumbua masikio. Masikio yake, Bukavu!

Basi nikajifunza sahihi yake juu ya karatasi za mifuko ya saruji, mpaka mkono ukazoea ule mkia wake mrefu wa majivuno. Kila dawa iliyotoka miezi ile ilitoka kwa mkono wangu na jina lake.

Vita vilipopoa akarudi, akaandika ripoti kwamba wenyeji wote tulikimbilia porini, yeye akabaki peke yake akigawa dawa. Makao makuu wakatazama karatasi, wakaona sahihi haikukosa hata wiki moja. Wakampandisha cheo kwa ushujaa. Kwenye dosie yangu, faili langu la kazi, ile miezi saba iliandikwa "hakuwepo kazini". Nilipomuuliza, alinipiga bega akasema nisubiri, zamu yangu inakuja. Nikasubiri, mjinga mimi, mpaka mvi zikaota.

Mwaka huu ikatangazwa nafasi ya mkuu wa stoo zote za Maniema. Nilifanya mtihani nikawa wa kwanza. Kisha komite ya kupandisha vyeo ikakaa, na mwenyekiti wake ni nani? Yeye yule. Wakaninyima alama za uzoefu wa vita, eti hakuna ushahidi kwamba nilikuwepo. Nafasi akapewa kijana mmoja aliyeniuliza kama treni ya Kindu inafika baharini. Simlaumu, hakujiteua.

Niliomba uamuzi uangaliwe upya, nikajibiwa mistari miwili. Sasa kesi iko kwenye mahakama ya wafanyakazi wa mashirika haya, huko Ulaya. Wakili wangu ni mama mmoja wa Kinshasa. Nilipomweleza kwamba nakala za zile karatasi nimezitunza sandukuni, alisema: "Papa, na hizo karatasi tutashinda. Mwandiko ukipimwa, zitaonyesha ulikuwepo, na kwamba huyo bwana hakupaswa hata kukaa kwenye hiyo komite. Mahakama itaufuta uamuzi wote. Lakini nisikufiche, siku hiyohiyo shirika linaweza kukufungulia kesi ya kughushi sahihi. Wakikufukuza, pensheni unaweza kuikosa."

Nilimwambia mke wangu, akawaka: "Weye ulisaini dawa ya bagonjwa! Ulikula hata kidonge moja? Mwizi njo yeye, na iko nalala muzuri. Tuma ile makaratasi!"

Nilikuwa nimekata shauri kutuma. Jumatatu simu ikalia. Shefu mwenyewe, mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na Kiswahili chake bado kilekile. "Papa, sisi wote tumezeeka. Ile makaratasi, najua uliweka kopi, choma. Aibu iko ya nini?"

Ndugu zangu, miaka yote hii nimemwandalia matusi mtu huyu kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kirega. Namdharau kuliko neno ninaloweza kuandika hapa. Mnajua mdomo wangu ulisema nini? "Ndiyo, shefu." Tena nikamshukuru kwa kupiga simu.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, alisikia. Tangu siku hiyo ananiwekea chakula na kuondoka, na mimi nakula peke yangu.

Ushahidi unapokelewa mpaka Ijumaa, yaani keshokutwa. Sijazichoma, wala sijazituma. Nishaurini, nifanye nini? Ila asije mtu kuniambia nimwachie Mungu, hiyo nimeifanya miaka yote. Na mkimaliza kunishauri, nijibuni na hili bila kunionea haya: kati ya yule aliyekimbia kwa ndege na mimi niliyesema "ndiyo, shefu", mwoga ni nani?