Masizi Yasiyokwisha

Mwaka wa 1963, Kalemie ikiwa bado inaitwa Albertville, fundi Lambert Banza wa karakana ya reli alikuwa na ulimi mkali na sikio kali zaidi. Kamio, yaani lori, ikipita barabarani, alikuambia silinda ipi inaumwa, na akishasema, usibishe. Ndiyo maana kamio kuukuu ya Célestin ilimtia aibu. Aliifungua, akakwangua masizi yote, akaifunga ikiimba. Wiki mbili baadaye ikarudi inakohoa moshi mweusi. Mara tano!

Mara ya sita Célestin alikuja na mkewe, Clémentine, nyuso zao za msiba.

"Papa Lambert, nimechoka. Kesho muntu anakuja kuinunua, ataikatakata auze chuma. Uiangalie tu mara ya mwisho."

Kamio hiyo ndiyo iliyowalisha: ilipeleka samaki wakavu Nyunzu na kurudi na mihogo. Lambert aliumia kama yeye ndiye anayeuza.

Akafungua kifuniko cha silinda. Masizi tena, yamegandamana juu ya pistoni kama ukoko wa chungu. Alikwangua kidogo kwa kisu, akakisogeza puani kwa mazoea tu. Harufu ile aliijua. Ilikuwa ya jikoni kwake, siku ya Jumapili.

"Célestin, ndani ya motere unaweka mafuta gani?"

Célestin akatazama viatu vyake. Clémentine ndiye aliyejibu.

"Mawese, Papa. Tangu mwezi wa kwanza. Mafuta ya motere hayapatikani tena mu mji, na hii inakunywa kama mulevi. Mi nayachemsha mpaka wekundu unatoka, nayachuja mu kitambaa mara tatu. Tuliona haya kukuambia."

Kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Lambert alifungua kinywa atukane, na Mungu anajua alikuwa na akiba ya kutosha. Matusi hayakutoka. Aliiwaza ile milima ya njia ya Nyunzu, magunia arobaini mgongoni, miezi mitatu, na ndani hakuna ila mafuta ya kuungia maharagwe. Ilimshika ile hofu nzuri inayomshika mtu kanisani. Miaka ishirini na miwili ya kushika spana, na hakuna aliyemwambia kwamba mwanamke mwenye sufuria na kitambaa anaweza kuizuia kamio isife.

"Hii haiuzwi," alisema, sauti imempungua.

"Lakini masizi yatarudi, Papa," alisema Célestin.

"Yatarudi. Kila wiki mbili, mpaka mafuta yapatikane." Akageuka, akamwekea Clémentine kisu mkononi. "Mama, kuja karibu. Tangu leo ni weye utakuwa unaifungua."

Célestin alicheka. Clémentine hakucheka, alikwisha kukunja mikono ya nguo.

Kesho yake mnunuzi alipofika na nyundo zake, alimkuta mwanamke ameinamia motere, mweusi mpaka viwikoni, na mwanamke huyo, bila hata kuinua kichwa, akamwambia arudi alikotoka.