Ufuko Haukuwa Mtupu

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, mama mkwe wangu alipojifunga kanga kiunoni, akajaza usipa wakavu, dagaa wetu wa ziwani, kwenye kikapu, kisha akaniambia nimfunge mtoto mgongoni kwa sababu tunapanda Mbinga. Sikumuuliza tunakwenda kufanya nini. Jana yake mume wangu Alban, mwanawe wa kumzaa, alikuwa amemtukana mgeni mbele ya kijiji kizima.

Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo. Nimesikia umechaguliwa kuingia kwenye kamati ya mipango ya kijiji. Nimefurahi, na furaha ya mtu mzima haiwezi kukaa kimya. Kaa nikueleze.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kabla ya hapo kahawa yote ya Umatengo, kule milimani Mbinga, ilinunuliwa na ushirika, na mtu binafsi mwenye duka la maana ulikuwa humwoni. Kisha milango ikafunguliwa. Wanunuzi wa kahawa wakaanza kupanda milimani na malori yao, maduka yakaota Mbinga mjini kama uyoga, na waliopata kitu wakaanza kutazama huku chini ziwani. Mmoja wao alikuwa Bwana Gaudensi, mkulima wa kahawa aliyegeuka mnunuzi. Alitaka kujenga nyumba za wageni kwetu Lundo, pale pale ufukoni.

Mimi nilikuwa kijana, mke mwenye mtoto mmoja, na kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri walinifanya katibu wa kamati. Sikatai, niliupenda mpango ule. Vijana wetu walikuwa wanakimbilia Songea, na wengine walikwenda mbali zaidi wasirudi hata kwenye misiba. Nikasema moyoni, kazi ikija hapa watabaki.

Basi Bwana Gaudensi akaja na afisa mipango wa wilaya, kijana mpole mwenye fulana ya kola. Wakapigilia vigingi vyekundu mchangani, halafu ndipo wakaitisha mkutano. Ona mpangilio huo, mwanangu: vigingi kwanza, watu baadaye. Mkutano ulifanyika mchana, ofisini. Wanawake wengi walikuwa mashambani kwenye mihogo. Afisa alitandaza ramani mezani na kuzungumza Kiswahili cha ofisini: ukanda wa uwekezaji, matumizi bora ya ardhi, awamu ya kwanza na ya pili. Wazee walioota ndoto zao zote kwa Kinyasa walikuwa wanatikisa vichwa kwa heshima tu.

Mzee Stefano, mvuvi wa siku nyingi, akanyanyua mkono. "Baba, mitumbwi yetu italala wapi?"

"Mzee wangu," afisa akajibu, "hilo litaangaliwa baadaye."

Neno hilo "baadaye" ndilo lililowasha moto. Kila mtu akawa anasema kwa wakati mmoja. Alban akasimama, akamnyooshea kidole Bwana Gaudensi. "Wewe rudi mlimani ukapalilie kahawa! Mmatengo na maji wapi na wapi? Hata kuogelea hujui!"

Watu wakacheka. Ulimi hauna mfupa, lakini nilimtazama yule bwana na nikaona kwamba kicheko kile kilimuuma kuliko maneno yenyewe. Akavaa kofia yake na kutoka. Afisa akakunja ramani. "Basi," akasema kwa huzuni, "wilaya itaamua yenyewe."

Unajua neno lile lilivyokuwa zito? Mgeni ameondoka na hasira, na ufuko wetu utapangwa na watu waliokaa mezani Mbinga, sisi tukiwa hatupo. Tulikuwa tumepoteza kazi na tulikuwa njiani kupoteza ufuko pia. Nilirudi nyumbani nikamkuta mama mkwe, Mama Eunike, anamenya mihogo. Nikamwambia naacha ukatibu, watu hawa hawataki maendeleo.

Hakuacha kumenya. "Mmewauliza lini wanachotaka?"

"Tumefanya mkutano, mama."

"Mchana, wakati mimi nipo shambani. Na mkaongea lugha ambayo mimi nikifiwa siwezi kulilia." Akatupa kipande cha muhogo kwenye beseni. "Halafu mtu hamjala naye hata ugali, mkataka kugawana naye ardhi. Hata posa haiendi hivyo, mwanangu."

Alban alikuwa mlangoni. Mama akamgeukia. "Na wewe, kesho nakwenda kumwomba radhi kwa niaba yako."

"Mama! Mimi nilikuwa nautetea ufuko wako!"

"Umeutetea kwa kumtukana mtoto wa mwenzangu kabila lake. Nitakwenda."

Hivyo ndivyo tulivyojikuta juu ya lori lililobeba mihogo, tukipanda kona baada ya kona. Wewe siku hizi unapita njia ile ukiwa umelala. Sisi tulishikilia kamba na kusali, na mtoto alikuwa analia kila gia ikibadilishwa. Baridi ikatupokea. Kisha nikaziona ngoro za Wamatengo kwa mara ya kwanza kwa macho yangu: mlima mzima umechimbwa vishimo vishimo kama sega la nyuki, na kuta za vishimo zimejengwa juu ya majani waliyoyalaza ardhini, ili mvua ikipiga udongo usiteremke. Mama Eunike alitazama kwa muda mrefu. "Watu wanaotunza mlima hivi," akasema, "hawawezi kushindwa kuelewa mchanga."

Nyumbani kwa Bwana Gaudensi tulipokelewa na mama yake, Mama Otilia, kikongwe mwembamba mwenye rozari shingoni. Hakujua Kinyasa, na sisi hatukujua Kimatengo, kwa hiyo wale wakongwe wawili wakashikana na Kiswahili chao cha kuchechemea, wakikosea na kuchekana. Chakula kilipoletwa wakaombana nani asali, Mwanglikana au Mkatoliki. Mwishowe wakasali wote pamoja, na mama mkwe wangu akamaliza kwanza, akabaki akifungua jicho moja kuona kama mwenzake bado anaendelea.

Bwana Gaudensi alipoingia na kutuona, uso ulimbadilika. Lakini adabu alikuwa nayo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kulifuta neno la mtoto wangu. Alikutukana ukiwa mgeni kwetu, na kwetu jambo hilo ni aibu. Nisamehe mimi niliyemlea. La ardhi tutaongea siku nyingine ukipenda, na usipopenda pia nitakuwa nimefanya nililojia."

Bwana yule alikaa kwenye kigoda, akavua kofia. Nilidhani atasema mengi. Akasema tu, "Ahsante, mama. Nilikuwa sijalala vizuri." Kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua: "Lakini mbona mlikasirika vile? Nimekwenda pale mara mbili, ufuko mtupu. Mitumbwi michache tu imepinduliwa. Nilisema nimechagua mahali pasipo na mtu ili nisimwondoe mtu."

Mama Eunike na mimi tukatazamana. "Ulikuja mbalamwezi ikiwaka?" akamuuliza.

"Ndiyo. Mara zote mbili mwezi ulikuwa mpevu. Ndiyo maana nilipapenda, palikuwa peupe, pazuri."

Basi mama akaanza kucheka, wala hakuwa anamcheka yeye, na akamweleza. Usipa huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa samaki hawakusanyiki kwenye mwanga wa taa, kwa hiyo wavuvi hupumzika, wanawake hukunja mikeka yao ya matete ya kuanikia samaki na kwenda shamba. Kumbe yule bwana alikuwa ameuona ufuko wetu ukiwa umelala, akadhani umekufa. Na sisi tulikuwa tumemwona mnyang'anyi, kumbe ni mtu aliyekwepa kumdhulumu mtu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, mwanangu, na pale hakuna upande uliokuwa umeuliza.

"Njoo mwezi ukiisha, usiku ukiwa giza," mama akamwambia. "Ulale kwangu."

Mama Otilia akadakia toka jikoni, "Na mimi nakuja! Ziwa naliona kutoka mlimani kila siku kama kipande cha mbingu kilichoanguka. Nife sijalishika?"

Wakaja kweli. Alban alikuwa ameshaambiwa nini cha kufanya, na alikifanya bila kusukumwa mara ya pili: akampokea Bwana Gaudensi mzigo, akamwomba radhi kwa kichwa kilichoinama, akamkaribisha kwenye mtumbwi jioni. Mgeni akakataa mtumbwi. "Ulisema kweli," akasema, "kuogelea sijui." Wakacheka wote wawili, na hiki kilikuwa kicheko kingine kabisa.

Asubuhi jua lilipochomoza tuliteremka pamoja. Mitumbwi ilikuwa inaingia, na mchanga wote, toka kwenye matete hadi mdomoni mwa kijito, ulikuwa umefunikwa mikeka, na juu ya mikeka usipa wanang'aa kama fedha mpya. Wanawake walikuwa wanaimba, wanageuza samaki, wanafukuza kunguru, wachuuzi wa baiskeli wanasubiri zamu. Mama Otilia alikuwa ameshaingia majini hadi magotini, sketi mkononi. Akageuka akautazama ufuko ule, kisha akamtazama mwanawe.

"Gaudensi," akasema, "hapa ndipo ulipotaka kuweka vitanda?"

Bwana yule akakunja mikono ya shati. Aliinama, akaanza kung'oa kigingi kilichokuwa karibu naye. Alban akaenda kumsaidia, maana kilikuwa kimepigiliwa sana.

Sasa usidhani mambo yaliishia hapo kwa nyimbo. Kazi ndiyo ilianza. Afisa mipango aliitwa tena, na safari hii tulikutana ufukoni, jioni, wanawake wakiwepo, na mimi nikawa natafsiri Kinyasa na Kiswahili hadi sauti ikanikauka. Kijana yule alivua viatu, akatembea nasi. Wanawake walitangulia wakionyesha: hapa mikeka, hapa njia ya maji, hapa samaki aina ya mbasa hupita wakipanda mtoni kutaga mvua zikianza, pale juu ya kilima hapana mtu ila magugu. Afisa aliandika, akauliza, akafuta, akaandika tena. Sijamwona mtumishi mwenye furaha kama ile. Aliniambia hakuwahi kupewa kazi ya kusikiliza. Siku zote alipewa kazi ya kueleza.

Na Bwana Gaudensi naye alikuwa na la kutufundisha. Alituonyesha jinsi tulivyokuwa tukikata matete hovyo kujengea uzio, na jinsi ukingo ulivyokuwa unaliwa na mawimbi pale tulipokata. Watu walinuna, lakini lilikuwa kweli. Tukakubaliana sehemu ya matete iachwe, na kwamba nyumba zijengwe nyuma, juu ya kilima, na mteremko wake ulimwe kwa mtindo wa ngoro ili matope yasishuke ziwani. Ufuko ukaandikwa kwenye mpango kuwa wa wote. Wageni wangeshuka kwa njia moja, na vijana wetu wangepewa kazi za ujenzi kabla ya watu wa mbali.

Nyumba zilijengwa. Si kubwa, lakini zilisimama, na Alban wangu alibeba mawe ya misingi yake, kisha akawa mpeleka wageni ziwani kwa mtumbwi. Baadhi ya vijana walibaki. Wengine waliondoka vilevile, dunia ndiyo ilivyo. Wala haki haikutimia yote. Kumbe Mzee Stefano alikuwa na shamba la mihogo kilimani, pale tulipoona magugu tu, akapewa lingine kwenye mawe, na alilalamika hadi anaingia kaburini. Alikuwa na haki ya kulalamika. Tuliuliza watu wengi, lakini kuhusu shamba lake tuliharakisha, na haraka haraka haina baraka. Ninalisema hili ili usije ukadhani mkutano mmoja mzuri unamaliza deni la kusikiliza.

Basi, mwanangu, nakuusia hivi. Ukipewa kalamu ya kupanga ardhi ya watu, usimwamini yeyote anayekuambia kuwa mahali fulani ni patupu, hata kama ni macho yako mwenyewe. Uliza nani hupita hapo, na msimu gani. Waite watu kwa saa wanayoweza kuja, na waache waseme kwa lugha wanayolilia. Tajiri naye msikilize, maana ana mama kama wewe, na huenda analo jambo ambalo kwenu hamjaliona. Kama limetoka neno baya, lifutwe kwanza, kisha ndipo mzungumze mipaka. Kamba ya kupimia haivutwi na watu wenye kinyongo. Na usisahau anayebaki na shamba la mawe. Mrudie, hata kama wengine wote wameridhika.

Mimi nimezeeka na moyo wangu umetulia. Nakuombea Mungu akujalie subira ya kukaa na watu hadi jambo liive, akuepushe na tamaa na woga, akupe wenzi wa kweli katika kamati hiyo. Wajukuu wako wakute maji safi, udongo hai na jina lako likitajwa kwa heri. Nenda, mwanangu, na amani iende nawe.