Shamba la Ndani ya Reli

Juzi nilikuwa nimesimama mlangoni pa chumba ninachopanga hapa Huruma, nikitazama dereva wa lori akihangaika kugeuza trela kwenye barabara inayoishia ukutani. Tanboi, msaidizi wake, alikuwa nyuma akipiga bodi kwa kiganja, "Kata, kata, leta, leta," na mama wa samaki alikuwa amehamisha meza yake mara mbili huku akiuliza kama huyo dereva alijifunzia udereva kwa ng'ombe. Watu walicheka. Mimi nilikuwa nawaza kwamba zamani treni nzima ilikuwa inageuza kichwa chake hapa Eldoret, na hakuna aliyepiga kelele. Nikarudi ndani nikabandika chai jikoni. Sikuhisi kitu kikubwa, nilikumbuka tu, na ninachokumbuka ni hiki.

Labda wewe hukuwahi kuona gari la moshi likigeuka. Kichwa cha treni ya siku zile kilikuwa na mbele na nyuma, kama ng'ombe. Kikienda kinyumenyume, dereva alichungulia kando ya tangi la maji na mafuta, upepo ukimpiga usoni, na njia asiione vizuri. Kwa hiyo treni ya mizigo iliyoishia kwetu, ikishashusha mbolea na kupakia mahindi, ilitakiwa iangalie ilikotoka. Watu wa reli walisema kwamba kwingine kuna meza kubwa ya chuma inayozunguka na kichwa cha treni juu yake. Sisi hatukuwa na meza. Tulikuwa na pembetatu.

Ilikuwa hivi. Kutoka kwenye njia kuu, reli moja ilipinda kuingia porini, na mbele kidogo reli nyingine ikapinda vilevile, hadi zote mbili zikakutana na kuwa mkia mfupi uliokufa kwenye nyasi. Kichwa cha treni kilipanda kwa reli ya kwanza kikitazama mbele, kikasimama mkiani. Baba yangu akavuta chuma cha kubadilisha njia. Kisha kikarudi kinyumenyume kwa reli ya pili mpaka njia kuu, na hapo ukikitazama, uso wake umeelekea Nakuru. Nilipokuwa mtoto niliichora mchangani kwa kijiti mara nyingi sana, nikitafuta ni wapi hasa inapogeukia, na sikuwahi kupaona.

Katikati ya reli hizo palibaki kipande cha ardhi, na hapo ndipo Nyanya alipolima. Alikuwa ametoka upande wa ziwa kumfuata Baba, mwanawe, na tulikaa wote kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja na jiko la nje. Hakuna mkubwa aliyempa ruhusa na hakuna aliyemkataza. Ng'ombe wa watu hawakuingia, wezi waliogopa. Alipanda mahindi, maharagwe na mboga za managu, na kabla ya kuvuka aliweka kiganja kwenye chuma cha reli kusikia kama kinatetemeka. Managu yake yalishika masizi ya mafuta yale mazito ambayo treni zetu zilichoma, tukawa tunayaosha kwa maji mara mbili, na bado yalikuwa na ladha ya injini. Tulizoea.

Na kulikuwa na desturi. Kichwa cha treni kikisimama mkiani, kikimngoja Baba atembee hadi kwenye chuma chake, Nyanya alitokea kwenye mahindi na debe. Fayamani, yule wa kuchochea moto, alifungua mfereji pembeni, yakatoka maji yanayochemka. Nyanya naye alimpa mahindi ya kuchoma, au kiazi. Blanketi zetu zilifuliwa kwa maji ya treni, na hapakuwa na nyumba yenye blanketi safi kama zetu.

Uhuru ulikuwa umeshakuja na Wazungu walikuwa wakiuza mashamba. Watu walijiunga makundi makundi wakayanunua. Jirani yetu, aliyekuwa akisafisha vichwa vya treni, alikuja Jumapili moja baada ya kanisa, bado amevaa koti.

"Mama, uza wale ng'ombe wako wa kule ziwani uingie nasi. Tunachukua shamba upande wa Yamumbi."

"Mimi nina shamba," Nyanya akasema.

"Lile ni la treni, Mama."

"Basi treni ni tajiri mzuri. Haijanifukuza."

"Siku moja itakuja kudai."

"Si inakula mahindi yangu kila siku?"

Jirani alicheka, lakini alirudi tena, na tena. Nyanya hakuwa mjinga. Alikuwa ameona chifu akibadilishwa, Mzungu akiondoka, bendera ikishushwa. Kitu kimoja tu hakikubadilika: treni ikifika Eldoret lazima igeuke, na pahali pa kugeukia treni hapawezi kujengwa nyumba wala kuuzwa. Aliyalinganisha hayo na maneno ya watu waliovaa koti, akaona treni ni ya kuaminika zaidi.

Mimi nilikuwa msichana wa maswali. Nilimwuliza dereva kama kuna treni isiyogeuka. Akaniambia ipo ya dizeli inakuja, haina mgongo, inaenda huku na kule sawasawa. Nikampelekea Nyanya habari hiyo, akiwa anapukuchua maharagwe.

"Mnyama gani huyo ana macho kisogoni?" akauliza, hakuinua kichwa.

Baba alikuwa akivaa viatu vyake vya kazi. "Mama, tuuze ng'ombe," akasema. Alisema mara hiyo moja tu.

"Nenda kazini. Treni inakungoja igeuke."

Akaenda, na treni ikageuka. Kundi la jirani likajaa, likafungwa. Jirani alihama na mabati yake juu ya mkokoteni, na jogoo amefungwa miguu.

Dizeli ilipokuja, Nyanya alikuwa amesimama mkiani na debe lake. Baba alikuwa kwenye chuma, bendera mkononi. Ile dizeli iliachia mabehewa, ikapita kwa njia ya pembeni, ikaenda kujifunga upande wa pili wa mabehewa, ikaondoka nayo.

"Haigeuki?" Nyanya akaita.

"Haigeuki, Mama."

Akafikiri kidogo. "Labda dereva ni mgeni."

Kesho yake alisimama tena na debe. Treni za moshi zilizidi kuwa chache, hadi zikaisha. Kutu ikashika zile reli mbili, kisha wakaja watu wakazing'oa, na nyuma yao wengine wenye vigingi na kamba za kupimia ardhi. Hawakuwa wabaya. Walimwacha Nyanya avune maharagwe, ingawa hayakuwa yamekauka, nasi tukayala mabichi mpaka tukayachoka.

Ng'ombe wa ziwani walikufa kwa ugonjwa. Baba aliachishwa kazi, nyumba ikatakiwa, tukahamia vyumba vya kupanga. Mimi niliacha shule darasa la sita nikaanza kuzunguka: Kitale, Kisumu, Tororo, popote palipokuwa na gari linaloondoka. Nyanya alifia chumbani Kimumu. Tulimpeleka ziwani kumzika, shemeji yake akatupa nafasi ya kaburi karibu na ua. Baba yuko kwenye makaburi ya mji. Watoto wa jirani wamegawana lile shamba la Yamumbi, na wanaishi vizuri.

Baada ya kuona lile lori nilienda kupatazama pale palipokuwa na pembetatu. Kuna ghala la mbolea na ukuta. Mlinzi, kijana mwenye adabu, alinifuata.

"Mama, nikusaidie nini?"

"Nyanya yangu alikuwa na shamba hapa."

Alinitazama. "Wengi huja kusema hivyo. Una karatasi?"

"Sina. Sikuja kudai."

Akaingia kwenye kibanda chake akatoa kiti cha plastiki, akakiweka kivulini nipumzike. Nikakaa. Nilingoja huzuni, au hata hasira, ije. Haikuja. Chini palikuwa na simiti, na joto lake lilikuwa likipanda kupitia ndala zangu.