Miezi Niliyoificha kwenye Grafu

Mpaka leo nikimwona mama mkwe kwa mbali nageuza baiskeli, na nyie mkisikia kisa chenyewe mtanicheka, lakini chekeni tu, nimeshazoea.

Ilikuwa miaka ya tisini, pale Mpanda, nafanya kazi kwenye mradi wa kilimo, na ofisi nzima mimi peke yangu ndiye niliyejua kompyuta (kujua kwenyewe nilifundishwa kidogo tu, lakini nilivyotembea mjini ungedhani nimeitengeneza mimi). Humo mlikuwa na grafu ya mahindi ya ghalani: ukiingiza magunia ya wiki, mstari unajichora upya wenyewe, kazi yako ni kuiambia ionyeshe kuanzia mwezi gani mpaka mwezi gani.

Basi Januari, njaa imekaza, tukaambiwa anakuja mgeni kutoka mkoani kuamua kama watu wa Kasokola, kijiji cha jirani alikozaliwa mke wangu, wapewe mahindi ya msaada. Bosi akaniambia mgeni haonyeshwi aibu ya nyumbani, aone mstari unaopanda. Na mimi na sifa zangu, nikaifunga grafu ianzie Mei iishie Agosti, miezi ya mavuno tu, mstari ukapanda mpaka raha.

Siku ya mkutano wanakijiji wa Kasokola wamejaa ofisini, mgeni akatazama, akampongeza bosi, halafu akasema kama ghala linajaa namna hii, basi msaada utapelekwa kwingine. Bosi akainamia viatu vyake. Mimi nikarukia kompyuta nikaifungulia miezi yote mpaka wiki ile ile, na mstari ukajichora mbele za watu: ukapanda, ukaporomoka, ukalala chini kabisa.

Mgeni akauliza ipi ndiyo ya kweli. Kabla sijajibu akasimama mama mkwe (mama mkwe, jamani, ambaye hata kula mbele yake naona haya), gunia tupu kwapani, akaniambia taratibu:

"Baba, hiyo miezi uliyoificha, sisi tulikula nini?"

Mahindi yalikuja, ila si kwa grafu yangu, mgeni alikwenda Kasokola mwenyewe kufunua vyungu. Nikarudi nyumbani nikidhani yamekwisha, nikanawa mikono, mke wangu akaniwekea sahani tupu. Nikamuuliza chakula kiko wapi.

"Si unajua kuchagua miezi?" akasema. "Chagua mwezi wa mavuno, kisha ule."

Nililala na njaa, na tangu siku hiyo bosi yeyote akitaka mwezi ukatwe, namwambia akate mwenyewe.