Sura ya Mama kwenye Kopo la Mafuta

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu zamani. Nikishafunga geti narudi kulitikisa, na nikituma ujumbe nausoma upya baada ya kuutuma, wakati hauwezi tena kurekebishwa. Mtu wa namna hiyo hafai biashara ya mtandaoni. Niliianza hata hivyo, kwa sababu mshahara wa sekretari wa shule hapa Lubumbashi unafika ukiwa umechoka, na kwa sababu mwenzangu wa ofisini alikuwa akiuza wigi kwa simu yake huku amekaa, saa za kazi, bila kuinua hata kichwa.

Biashara yenyewe ni rahisi kueleza. Kuna viwanda huko Asia vinavyotengeneza mafuta ya kujipaka yasiyo na jina. Unachagua harufu, unachagua kopo, unawatumia jina unalolitaka na picha, nao wanachapa etiketi na kuibandika. Mzigo ukifika, mafuta ni yako kana kwamba uliyakoroga mwenyewe jikoni. Unayapiga picha, unayaweka kwenye soko la mtandaoni, na watu wa Likasi na Kolwezi wanayaagiza bila kujua unafananaje.

Jina nililipata upesi. Picha ndiyo iliyonisumbua. Kila muuzaji alikuwa na msichana yuleyule wa mabega yanayong'aa, ambaye nadhani hajawahi hata kusikia habari za vumbi letu la mwezi wa nane. Mimi nilitaka mtu wa kuaminika. Na nyumbani kwangu alikuwapo mtu ambaye wanawake humsimamisha sokoni kumwuliza anajipaka nini: mama yangu, mjane, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyeshuka kutoka kaskazini, mama wa parokia ambaye ngozi yake imekataa kuzeeka. Nilikuwa na picha yake ya arusi ya mdogo wangu, amefunga kitambaa cha buluu kichwani, anatabasamu kidogo tu, kama anayemsikiliza mtu mwenye maneno mengi. Nikaituma kiwandani.

Nilimwomba mtu wa kiwanda aipambe kwa heshima: maua, ukingo wa dhahabu, kitu kitulivu. Tena nikataka kuwe na mwaka aliozaliwa mama, maana bidhaa zenye mwaka wa zamani huonekana za kuaminika, na pia mwaka huu wa kuanza biashara. Akanitumia mfano wa etiketi siku ambayo mkuu wa shule alikuwa amesimama mbele ya meza yangu anasubiri karatasi zake. Niliuangalia kwenye kioo cha simu, ukubwa wa ukucha. Nikaandika: vizuri sana, endeleeni.

Kisha nikasubiri, na kusubiri ndiko kunakonimaliza. Mwenye lori alikimbia foleni ya mpakani Kasumbalesa akapitia mpaka wa Mokambo, na huko Mokambo akawa hapokei simu. Niliwaza mvua, niliwaza wezi, niliwaza vifuniko vikiyeyuka kwa jua. Katika majuma hayohayo mama alianza kushika ubavu akimaliza kula. Daktari akasema ni mawe kwenye nyongo na lazima apasuliwe. Mama aliitikia kwa kichwa, akauliza tu kama ataweza kuimba baadaye. Mimi nikawa na hofu mbili, na nilikuwa nikiziamkia kwa zamu.

Mzigo ulifika Jumamosi. Mama alikuwa chumbani amelala, maumivu yamemzuia hata kwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Nilifungua boksi la kwanza, nikaona kopo zuri kuliko nilivyotarajia. Uso wa mama ndani ya duara refu, maua meupe pembeni, na chini yake mwaka aliozaliwa, kistari, na mwaka huu. Sikuona kitu kibaya. Nililiweka kopo mezani penye mwanga, nikalipiga picha, nikaliweka sokoni mtandaoni na kwenye ukurasa wangu mwenyewe, nikaenda kuweka maji ya chai jikoni.

Ujumbe wa kwanza ulisema: "Mungu amupokee." Nilidhani mtu amekosea mahali. Wa pili ulikuwa rambirambi za kijana anayeniheshimu kama mkubwa wake: "Condoléances, yaya. Alikuwa mama muzuri sana." Wa tatu ulitoka kwa rafiki niliyesoma naye, yuko Kolwezi, anauliza kilio kiko wapi ili apande basi kesho.

Ndipo nikaliangalia kopo kwa macho yao. Kwetu mtu akifariki, hata mwili haujatoka hospitali, jamaa wanatengeneza picha: uso ndani ya duara, maua meupe, mwaka wa kuzaliwa, kistari, mwaka wa kufa. Inachapwa kwenye fulana, inabandikwa kwenye kioo cha gari, kila ndugu anaiweka kwenye simu yake. Hakuna anayesoma maneno yaliyo chini. Watu wanaiona tu na kwenda kutafuta kitambaa cha kujifunga kiunoni. Na mimi nilikuwa nimeichapisha picha hiyo kwa mtu aliye hai, nikaijaza sebuleni hadi dirishani.

Nilifuta kila kitu kwenye simu. Kufuta hakukusaidia, kwani picha ilikwisha kuingia kwenye kundi la simuni la akina mama wa parokia. Kabla maji hayajachemka, geti likagongwa, na mama akawa ameamka akaenda kulifungua mwenyewe. Nilimkimbilia nikachelewa. Nje walisimama wanawake wawili wa kwaya yake, mmoja amejitwika mfuko wa unga wa kupeleka kilioni, mwingine ameshaanza kulia.

"Nani alikufwa?" mama akawauliza.

Yule wa unga akamtazama miguu kwanza. "Ni weye, mama. Njo vile banatuambia."

"Miye?" Mama akalifungua geti lote. "Basi ingieni. Tula chini ule unga, iko muzito."

Walikunywa ile chai yangu, wakacheka mpaka vikombe vikatikisika, na mama alicheka nao akiwa ameshika ubavu. Walipoondoka aliomba kopo. Alilisogeza mbali na macho, kisha karibu.

"Ni nani alipatia bale bantu sura yangu?"

"Ni miye, mama."

"Na huu mwaka wa pili, ni wa nini?"

"Ni mwaka wa kuanza biashara."

"Hm," akasema. Akanirudishia kopo, na siku ile hakucheka tena.

Jioni yake akapiga simu mjomba, mdogo wake mama, anayefanya biashara ya samaki wakavu kule Pweto. Alianza kwa kulia. Nilipomwambia dada yake yuko hai, anakunywa uji, kilio kilikatika, na sauti iliyofuata ilinitisha zaidi.

"Mwipwa," akasema, "banasema dada yangu anaenda kupasuliwa."

"Ndiyo, muyomba. Juma inayokuja."

"Na haya mafuta, unaanza kuyauza sasa?"

"Ndiyo."

"Na sura yake mulishaitia mwaka wa kufwa."

Nilianza kumweleza habari za kiwanda, akanikatiza. "Miye sisemi kitu. Lakini kama dada yangu anabakia kule ku hopitali, tutakuja kukuuliza."

Sikuhitaji kufafanuliwa. Hapa kwetu mtu akianza biashara na mzazi wake akafa, watu hawasemi ni bahati mbaya. Wanasema alimtoa kafara. Wanasema alimkabidhi mtu mmoja mahali fulani ili wateja waje, na mtoto wa namna hiyo hufukuzwa hata kwenye kilio cha mama yake mzazi. Nimewahi kuyasema maneno hayo juu ya wengine, ofisini, mdomo umejaa andazi. Sasa nilijiambia kwamba mimi nimesoma, kwamba huu ni upuuzi. Elimu yangu ilinisaidia kwa muda wa kuoga hivi. Nilipojifuta maji nilikuwa nimerudi palepale. Niliogopa ndugu, ndiyo, lakini hofu kubwa ilikuwa nyingine: kwamba nimeuandika ule mwaka, na huenda kitu fulani kimeusoma. Niliogopa kwamba nitamuua mama yangu kwa kistari.

Siku moja kabla ya kwenda hospitali niliomba ruhusa kazini. Nikaweka beseni la maji ya moto uani, nikatumbukiza makopo, nikaanza kukwangua etiketi kwa kisu cha jikoni. Gundi ya wale watu si ya mchezo. Uso wa mama ulikuwa unachanika kidevuni kwanza, kisha mdomo, na vipande vinaelea. Nilikuwa nakwangua huku nalia, sikumsikia akitoka. Alisimama kwenye mlango wa jikoni, ameegemea, anatazama beseni lililojaa vipande vyake.

"Unanifanya nini?"

"Ninazitosha, mama, ninabandula etiketi."

"Sura yangu iko na makosa gani?"

Nikaendelea kukwangua. Akavuta kigoda, akakaa, akanyoosha mkono nikampa kisu. Alichukua kopo kavu, akakwangua pale chini tu, ule mwaka wa pili na kistari chake, polepole kama anayetoa magamba ya samaki. Sura akaiacha. Mwaka wake wa kuzaliwa akauacha.

"Huu mwaka njo si wangu," akasema. "Bingine acha."

Akachukua kopo jingine. Alifanya hivyo mpaka akaishiwa na nguvu, nikamalizia yaliyobaki. Makopo yale nikayapanga juani yakauke.

Asubuhi ya hospitali padri alipita wodini, akamwungamisha. Mama alitoka kwenye maungamo yale ametulia, amefumba macho, midomo imekauka kwa kukatazwa maji. Mimi sikutulia. Kila muuguzi aliyepita nilimsoma uso. Mmoja wao alipokuja na kitanda cha magurudumu, mama akafumbua macho akaniomba simu.

"Nifungulie pa kusema kwa muyomba wako."

Nilimfungulia ujumbe wa sauti, nikamshikia simu karibu na mdomo.

"Ndugu yangu, ni miye," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa tangazo baada ya misa. "Sasa banaenda kunipasula. Ile picha, mutoto aliniuliza mbele ya kuituma, na miye nilimukubalia. Na ule mwaka, ni miye nilimwambia autie, sikujua itafanana vile. Kama sitoke mule, ni haya mawe iliniua. Usimuulize mutoto wangu kitu. Unasikia? Usimuulize."

Akaniambia nitume. Kidole changu kilikataa. Akaibonyeza mwenyewe, akamwambia muuguzi yuko tayari, wakamsukuma.

Nilibaki nimesimama kwenye korido na simu mkononi. Sikuwahi kumwuliza chochote kuhusu ile picha, na yeye hakuwahi kunikubalia chochote. Mama yangu, ambaye anaungama hata kumkasirikia kuku wa jirani, alikuwa ametoka kusafishwa roho, na jambo la mwisho alilofanya kabla ya kisu lilikuwa kusema uongo kwa ajili yangu, akijua kabisa kwamba huenda atakwenda nao. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa saa zile. Sasa nilikuwa naogopa na roho yake pia.

Simu ikatetemeka. Mteja mmoja wa Kolwezi alikuwa anauliza kama mafuta bado yapo. Sikumjibu. Ikatetemeka tena, alikuwa mjomba, ameandika neno moja: "Nimesikia." Nilikaa sakafuni, kwa sababu benchi lilikuwa mbali na ule mlango.

Alitoka. Waliniita, nikamkuta anauliza maji, na sauti yake ya kuuliza maji ilikuwa ileile ya kunigombeza, nikajua yupo mzima. Mjomba alileta samaki juma lililofuata, akakaa sebuleni katikati ya makopo, hakuuliza kitu. Makopo yaliuzwa, na alama ya kisu chini ya sura. Wengine walidhani ndiyo mtindo.

Jumamosi ya kwanza aliyoweza kutembea bila kushikwa, mama aliniomba nimpeleke parokiani. Niliketi nje kwenye ngazi, yeye akaingia kuungama. Alikaa huko muda mrefu kuliko kawaida, nikaanza kuwaza labda ameanguka. Alipotoka alisimama juu yangu, anafunga kitambaa chake vizuri.

"Ya miye, ile ya mu simu, nimeimaliza," akasema. "Padri eko mule bado. Ya weye, utajua mwenyewe."