Jibu la Binti wa Mwanza

Naandika haya bila hakika kama nayapanga sawa. Shule niliishia la saba, na kichwa changu kinapenda kujitetea.

Mwaka 2016 nilikuwa nashona dukani kwa mama mmoja Mhindi, Marshalltown, mzaliwa wa hukuhuku Johannesburg. Mwanawe wa kiume alitafutiwa mchumba kwa jamaa zao wa Mwanza. Mimi mtu wa Tabora nikapewa kazi ya kumpima binti kwa simu ya video: yeye anajizungushia futi, mimi naandika, tumshonee blauzi za harusi.

Tulipofika kiunoni, mama akanishika bega. "Muulize kwa Kiswahili. Anataka kweli? Mimi atanijibu kwa adabu tu. Wewe atakwambia."

Nikamuuliza. Binti akageuka kuangalia nyuma, kisha akasema, "Dada, mwambie nimepata chuo cha uuguzi. Wanisubiri miaka miwili tu, nimalize. Nikiolewa sasa sisomi tena."

"Amesemaje?" mama akauliza.

"Amefurahi. Anaona haya tu."

"Una hakika?"

"Mama, huyo ni wako."

Sikusema kwa ubaya, au ndivyo ninavyojiambia. Kwetu binti akiposwa hugoma kidogo. Mimi mwenyewe nilimlilia shangazi aniache kwanza, na huku kanga za harusi nimeshazichagua moyoni. Nikadhani naye ni hivyo. Ila niseme na hili: blauzi zilikuwa kumi na nne, za hariri, na mikono yangu ilikuwa inawasha kwa hamu ya kuzishona.

Akaolewa, akaja. Mumewe si mtu mbaya, nisimsingizie. Lakini na mama mkwe ilikuwa salamu tu, karibu miaka miwili. Mama alikuwa akinilalamikia, "Nimemkosea nini mtoto wa watu? Ananisalimia kama mpita njia!" Mimi nakanyaga cherehani.

Siku moja mama alitoka kununua zipu. Binti akakaa karibu yangu, anafumua pindo la sketi yake.

"Ongea nami, dada, Kiswahili changu kinaota kutu." Akacheka. Halafu: "Siku ile ulipomwambia habari ya chuo, alisema nini? Maana hajanitajia hata mara moja. Alisikia, akanyamaza. Nimeshindwa kumsamehe."

Ningeweza kusema mama alisahau.

"Sikumwambia," nikasema. "Nilidhani unaringa."

"Eish, dada. Naringa huku nalia?"

Siku ile picha ya simu ilikuwa inakatikakatika. Lakini sauti ya kilio niliisikia.

Mama aliporudi nilimwambia kabla hajaketi. Akaweka zipu mezani. "Nilikuuliza mara mbili," akasema. Kisha akamgeukia mkwewe, wakaongea kwa lugha yao, muda mrefu, na hakuna aliyenitafsiria. Wakaingia chumba cha nyuma pamoja. Sketi ilibaki mezani, pindo wazi. Nikaipinda upya.

Sikufukuzwa. Mwezi uliofuata mama mwenyewe alimpeleka Braamfontein kuulizia chuo. Wakarudi na fomu, wameshikana mikono. Lakini binti alikuwa na mimba ya miezi minne, wakakubaliana mtoto kwanza. Fomu wakaiweka kwenye droo ya vifungo.

Nilipoacha kazi pale, mwaka 2019, ilikuwa bado humo, haijajazwa. Kila nikitafuta kifungo ilibidi niisogeze kwanza.