Ubongo Uliopigiwa Makofi

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kutoa damu kwenye moyo wa ndama ambaye hajazaliwa. Watu wa kwetu Tetu wakiniuliza nafanya nini mjini, nilijibu tu, "Niko laboratori." Mama yangu alilitangazia kanisa zima kwamba binti yake anapima magonjwa. Sikumsahihisha. Ningeanzia wapi?

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mtafiti mmoja, mtu wa huku huku mlimani, alikuwa amerudi kutoka ng'ambo na shahada kubwa pamoja na masanduku ya mitambo. Sote tulimwita Daktari, ingawa hakutibu mtu wala mnyama. Alipewa vyumba viwili nyuma ya jengo la mifugo mjini Nyeri, na humo alitaka kukuza seli za ubongo kwenye visahani vya plastiki, kisha asikilize umeme wake. Maana seli za ubongo huwasiliana kwa umeme, umeme mdogo mno. Siku aliyoniajiri alinieleza haya huku mikono yake ikichora hewani, nami nikajiona nimebahatika kuliko wenzangu wote.

Asichonieleza siku hiyo ni chakula cha hizo seli. Ukizitoa mwilini hazikui kwa maji na sukari peke yake. Zinataka seramu, yaani yale maji ya rangi ya majani makavu yanayobaki damu ikishaganda, na seramu zinayoipenda zaidi ni ya ndama aliye bado tumboni. Ubongo wenyewe pia ulitoka kwa ndama huyo huyo. Kwa hiyo wiki yangu ilianzia kichinjioni.

Kichinjio kilikuwa pembeni mwa mji, na harufu yake ilikupokea kabla hujaona paa. Aliyechinja alikuwa mzee wa Kiislamu aliyehamia kutoka Nanyuki, mtu mpole, mwenye kofia nyeupe ambayo mpaka leo sijui aliikingaje na damu. Daktari alikuwa amekubaliana naye kwamba ng'ombe akichinjwa kisha akutwe na mimba, ule mji wa mimba usitupwe, niitwe mimi.

"Binti, uko tayari?" aliniuliza siku ya kwanza.

Nilisema niko tayari. Akapasua ule mfuko kwa ncha ya kisu, maji yake ya uvuguvugu yakaingia ndani ya gambuti zangu. Ndama akateleza sakafuni akiwa hana manyoya, kope zimefungwa, kwato laini na nyeupe kama sabuni iliyosahauliwa majini. Nilipiga magoti nikapapasa mbavu zake kama nilivyofundishwa. Moyo ulikuwa bado unadunda. Ilikuwa lazima udunde, vinginevyo damu haitoki vizuri. Nikaingiza sindano nene, nikavuta, na nilipomaliza mzee akakikata kichwa, nikakitia kwenye mfuko wa nailoni, na chupa ya damu kwenye termosi iliyojaa barafu.

Nilifika kwenye mtaro nikatapika uji wote wa asubuhi. Wabeba nyama walicheka.

"Ati daktari wa damu anaogopa damu!"

"Nyamazeni," mzee akawaambia. "Nyinyi siku ya kwanza mlilia."

Nilidhani nitazoea. Mikono ilizoea, kwa kweli, lakini pua ilikataa. Harufu ile ya utelezi ilinifuata hadi kwenye matatu, hadi kwenye godoro. Nilipokwenda nyumbani Jumapili, Mama alinimiminia chai ya maziwa, maziwa ya ng'ombe wetu, nami nikakaa nikiangalia utando ukijikunja juu yake.

"Kwani chai yangu iko na nini?" Mama akauliza.

"Haina kitu, Mama."

"Basi kunywa."

Nilikunywa nikiwa nimezuia pumzi, kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo.

Lakini sitaki kusema uongo kwamba hakukuwa na uzuri. Kwa miezi mingi tulikuza kuvu badala ya ubongo. Umeme ulikatika, kabati la joto likapoa, sahani baada ya sahani ikafa na kunuka. Halafu siku moja seli zikashika. Kwenye hadubini niliona seli zimetoa mikono myembamba kama mizizi ya viazi, kila moja ikiitafuta jirani yake, na nyingine zilikuwa tayari zimegusana. Daktari aliteremsha nyaya zake, nyembamba kuliko unywele, tukangoja. Mstari wa kijani kwenye skrini ulilala. Ukalala. Kisha ukaruka.

"Umeona?" alininong'oneza.

"Nimeona."

Ukaruka tena. Tulishikana mikono tukacheka kama wendawazimu. Akaunganisha spika ndogo ili tusikie, na kila mstari uliporuka, spika ililia ta, kisha kimya kirefu, kisha ta nyingine. Wiki ile sikusikia harufu yoyote. Nilijiambia, sawa, ndama hakufa bure.

Ndipo akaita wageni.

Walikuwa wakubwa waliotoka Nairobi kuamua kama kazi yetu iendelee. Daktari aliagiza nyama choma, na kwa kuwa chumba cha pili kilikuwa kimejaa masanduku, akaamua waandaliwe pale pale ndani ya maabara.

"Daktari, lakini hapa kwa hii meza ndipo tunapasulia vichwa," nilimwambia.

"Umepanguza?"

"Nimepanguza, lakini—"

"Basi. Lete sinia."

Nikaleta sinia. Wageni walikula wamesimama, mbavu za mbuzi zikikatwa juu ya meza ambayo asubuhi ilikuwa na vipande vya fuvu. Mafuta yaliwashuka kwenye vidole, nao wakavifuta kwenye pamba zangu za maabara. Mmoja wao, mwenye tumbo la kutangulia, aliinama juu ya sahani yetu ya seli huku akitafuna. Niliona kipande cha nyama kimening'inia kwenye mdomo wake, nikawa naomba kisianguke.

"Huyu ni ng'ombe?" akauliza.

"Ni ubongo wake, mheshimiwa," Daktari akajibu.

"Ananisikia?" Akapiga makofi mawili mbele ya sahani.

Seli hazina masikio. Hazina macho wala habari kwamba kuna mheshimiwa duniani. Spika ilikaa kimya, kama ilivyostahili. Nikamtazama Daktari, nikingoja aeleze. Badala ya kueleza, mkono wake uliteremka polepole chini ya meza, mahali palipokuwa na kitufe cha kujaribia mitambo, nikaona kidole gumba kikibonyeza. Ta! Ta! ikalia spika.

"Amenijibu!" yule mgeni akapaza sauti. Wenzake wakashangilia, wakapiga makofi zamu kwa zamu, na kila walipopiga, kidole kilibonyeza. Mmoja alilia kama ng'ombe, mooo, spika ikamjibu pia, nao wakaegemeana kwa kicheko. Nilikuwa nimesimama kando nimeshika kikombe cha vijiti vya meno. Nikakumbuka kope zile zilizofungwa. Kichefuchefu kilichonipanda hakikuwa cha tumboni. Hiki kilitoka mahali pengine, na hakikuwa na mtaro wa kutapikia.

Walipoondoka, nilianza kuokota mifupa. Daktari aliketi akijichokoa meno, ameridhika.

"Daktari, hiyo haikuwa seli."

"Ilikuwa nini?"

"Ilikuwa kidole yako."

Hakukasirika. Alicheka. "Wewe bado mtoto. Hawa watu hawaelewi seli, wanaelewa sherehe. Wakifurahi, kazi inaendelea."

"Na ile ya ukweli tuliyosikia, si ingetosha?"

"Ya ukweli ni polepole," akasema, akatema kipande cha nyama sakafuni.

Wageni walifurahi kweli. Wakataka kuleta wengine, na wengine hao nao walete wengine. Daktari akawa anahitaji sahani nyingi, na ng'ombe wa kubahatisha hawakutosha. Bila kuniambia, alikwenda kwa wachuuzi wa mifugo akawaeleza anachotaka.

Nilikuja kujua kichinjioni. Nilifika na termosi yangu nikakuta mchuuzi anabishana na mzee. Kati yao alisimama ng'ombe wa maziwa, mweusi na mweupe, tumbo limeshuka, chuchu zikidondosha maziwa kwenye simiti. Mzee alikuwa ameweka kiganja ubavuni mwake.

"Huyu mimi sichinji," alisema. "Yuko karibu kuzaa."

"Lakini ni ya daktari!" mchuuzi akapiga kelele. "Alisema tulete yenye iko na mimba. Muulize huyu msichana wake!"

Mzee alinigeukia. "Binti, ni kweli? Ndiyo mnataka hivi?"

Wanaume wote walinitazama. Chini ya kiganja cha mzee, ngozi ya ng'ombe iliinuka, kitu ndani kikapiga teke, ikatulia.

"Sijui alisema nini," nikajibu. "Mimi sitaki damu ya huyu."

Mzee akamwita mkaguzi wa nyama, na mkaguzi akamfukuza mchuuzi pamoja na mnyama wake. Yule ng'ombe aliondoka akivutwa kwa kamba kuelekea barabarani. Aliishia wapi, sikujua, na kuna nyakati nafikiri sikutaka kujua.

Daktari aliifungua termosi akakuta barafu tupu. Nikamweleza.

"Ungenyamaza tu," alisema. "Angechinjwa tu mahali pengine. Sasa kesho seli zitakufa njaa."

"Zikufe."

Akairudishia termosi kifuniko chake. "Unaacha sayansi kwa sababu ya ng'ombe?"

Sikuwa nimesema naacha. Lakini alipolitamka nilijua ni kweli, nikavua koti jeupe nikalitundika mlangoni. Nilitaka kumwambia si ng'ombe, ni ule mkono chini ya meza, ni mafuta yale kwenye pamba, ni mooo ile. Badala yake nikaondoka.

Mama alininunia mwezi mzima. Kanisani alikuwa ameshanipandisha cheo. Baadaye nikasikia kwa mlinzi wa lile jengo kwamba wageni walichoka na mchezo, Daktari akarudi ng'ambo, na kabati la joto lilipofunguliwa mlinzi alilazimika kujifunika pua kwa sweta.

Mimi nikapata kazi hospitalini, kwenye dirisha la makohozi. Kazi ya wiki nzima ni kupokea vikopo vya wanaokohoa, kupaka kwenye vioo, kutafuta kifua kikuu. Marafiki waliniuliza kama sioni kinyaa. Asubuhi moja mzee aliyekonda alinisogezea kikopo chake akiwa ameinamisha uso, amekifunika kwa kiganja.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Ni chafu."

"Si chafu, guka," nikamwambia, kama tunavyowaita babu zetu. "Leta nione."